Behewa, Taruma na Shehena: Kumbukumbu za Treni za Mizigo Kutoka Mashuuru

Utangulizi

Kwetu Mashuuru, mtoto hafundishwi kuhesabu kwa mifugo. Wazee wa Kimaasai hawapendi ng'ombe wahesabiwe kwa kidole. Mchungaji hodari humtambua aliyepotea kwa kumkosa machoni, wala si kwa kupungukiwa na tarakimu. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa mabehewa. Katika miaka ya 2000 nilikuwa nikifuatana na babu kupeleka mbuzi mnadani Emali, nasi tulisimama kando ya reli kuingoja treni ya mizigo ipite. Nilihesabu kwa sauti hadi behewa la mwisho, na babu hakunikataza. Mabehewa hayakuwa mali ya mtu tuliyemjua, kwa hivyo hesabu haingemdhuru yeyote.

Aghalabu historia ya reli ya Afrika Mashariki huandikwa kwa kuzingatia wajenzi wake, simba wa Tsavo, magavana na abiria. Treni ya mizigo haina nafasi kubwa katika masimulizi hayo. Sababu yake si ngumu kuiona. Treni ya abiria ina mashahidi ndani yake. Kila aliyesafiri anaweza kusimulia alichokiona dirishani. Treni ya mizigo haina msimulizi ndani yake ila dereva, msaidizi wake na gadi. Mashahidi wake wengi wako nje: wachungaji, wachuuzi wa stesheni, vibarua wa njia na watoto waliohesabu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mashahidi hao walituhifadhia hazina ya Kiswahili ambayo sisi wanafunzi wa lugha hatujaikusanya, na kwamba muda wa kuikusanya unayoyoma. Ili hoja hii ieleweke, tutaanza na behewa lenyewe na kule lilikotoka, tuje hadi reli ya Kajiado, kisha tuyaangalie maneno.

Behewa la Makaa ya Mawe: Asili Yake

Reli ya mvuke ni mtoto wa mgodi. Reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka wa 1825 ilijengwa hasa ili kuyatoa makaa ya mawe migodini na kuyafikisha kwenye maji ya kusafirishia. Abiria walikuja baadaye. Kwa zaidi ya karne moja tangu hapo, behewa la makaa lilikuwa ndicho chombo cha kawaida kabisa katika reli za nchi hiyo. Lilikuwa sanduku lililo wazi juu, lenye milango ubavuni ya kuteremshia makaa, magurudumu manne, na wenzo mrefu wa breki uliotiwa kwa mkono. Wenye migodi na wauzaji wa makaa walimiliki mabehewa yao wenyewe na kuyaandika majina yao ubavuni kwa herufi kubwa. Kufikia mwaka wa 1939 mabehewa ya watu binafsi yalikuwa yamezidi laki tano. Reli za Uingereza zilipotaifishwa mwaka wa 1948, mabehewa ya mbao yalianza kuachia nafasi yale ya chuma yaliyobeba tani 16. Ya aina hiyo yaliundwa zaidi ya laki mbili.

Treni ya mabehewa hayo ilikuwa na sauti yake. Mengi hayakuwa na breki zilizoongozwa na injini, na yaliunganishwa kwa minyororo iliyolegea. Injini ilipoanza kuvuta, behewa la kwanza lilishtuka, likalishtua la pili, na mshtuko huo ukasafiri hadi mkiani alikokaa gadi katika behewa lake la breki. Waingereza waliokulia karibu na migodi huikumbuka sauti hiyo kama sisi tunavyokumbuka kengele za shingoni mwa ng'ombe.

Utaratibu huu wa reli ndio uliovuka bahari. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Injini zake za awali zilichoma kuni pamoja na makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafuta mazito yalichukua nafasi hiyo. Kwa hivyo Kenya haikuwa na migodi ya makaa ya kulisha reli yake, na behewa la makaa halikuwa mfalme hapa kama lilivyokuwa kule. Hata hivyo, Kajiado palikuwa na shehena nyingine ya mgodini iliyofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa rangi.

Shehena Nyeupe ya Kajiado

Shehena hiyo ni magadi. Msomaji ambaye mama yake hutia magadi kwenye maharagwe ili yaive upesi, au aliyemwona babu akiyachanganya na ugoro, anakijua kitu chenyewe. Ziwa Magadi, lililo katika Bonde la Ufa, limefunikwa na tabaka la chumvi hiyo. Ikisafishwa na kuchomwa hutoa magadi makavu yanayohitajika katika kutengeneza vioo, chupa na sabuni. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka wa 1911, na tawi la reli lenye urefu wa takriban kilomita 146 likajengwa kutoka Konza, likapita Kajiado na Elangata Wuas, hadi ziwani. Lilikamilika mwaka wa 1915. Tangu hapo kampuni imebadilisha wenyewe mara kadhaa: Brunner Mond mwaka wa 1924, ICI mwaka wa 1926, na hatimaye Tata ya India iliyoinunua Brunner Mond mwaka wa 2005.

Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1911 ndio pia mwaka wa mkataba wa pili wa Wamaasai na serikali ya kikoloni. Mkataba wa kwanza, wa mwaka wa 1904, uliwaondoa Bondeni na kuwagawa katika hifadhi mbili. Wa pili uliwaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani kuupinga, na kesi yao ikatupiliwa mbali mwaka wa 1913. Kwa mzee wa Kajiado, basi, reli na kuhamishwa ni kumbukumbu za kizazi kimoja. Mtu hawezi kusimulia moja bila kuligusa jingine. Nimewasikia wazee wakilisimulia behewa kwa mapenzi, kisha katika sentensi iyo hiyo wakaitaja ardhi kwa uchungu. Mtafiti asiyeyatarajia yote mawili atadhani msimulizi anajipinga.

Kitaalamu, treni ya magadi ilikuwa na tabia zote za treni ya makaa ya mawe: shehena ya aina moja, kutoka sehemu moja, kwenda bandarini, kisha mabehewa kurudi matupu. Tofauti ilikuwa ni mlima. Ziwa liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kajiado na Konza ziko zaidi ya mita 1,600. Kwa hiyo treni iliyojaa ndiyo iliyopanda, na tupu ndiyo iliyoteremka. Babu, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya reli, aliweza kuzipambanua akiwa amefumba macho. Iliyojaa ilipita kwa kishindo kizito kilichosikika miguuni kabla ya kufika masikioni. Tupu ilipita kwa makelele mengi ya chuma. Alipenda kusema kwamba waliotunga methali ya debe tupu kutoacha kuvuma wangeliona behewa tupu wangelibadilisha neno.

Mashahidi Waliosimama Nje

Mashuuru yenyewe haina stesheni. Iko kati ya njia mbili: tawi la Magadi upande wa magharibi, na njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi upande wa mashariki, inakopita Emali na Sultan Hamud. Mji huu wa pili, ulio maili 250 hivi kutoka Mombasa, uliitwa hivyo kwa heshima ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetembelea reli wakati wa ujenzi. Ni ajabu kidogo kwamba mji ulio katika mpaka wa Umaasai na Ukambani una jina la sultani wa pwani, lakini ajabu hiyo inatupa kidokezo cha lugha iliyotumika hapo.

Njia kuu katika sehemu hii inaambaa mpaka wa jamii mbili ambazo hazikuwa na lugha moja, na ambazo kwa muda mrefu zilinyang'anyana mifugo. Stesheni ikawa mahali pa kukutania. Mmaasai alileta ng'ombe. Mkamba alikuwa kibarua wa njia au mchuuzi. Mhindi alikuwa na duka au alikuwa karani. Gadi alitoka popote. Waliuziana, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Babu aliniambia kwamba maneno yake ya kwanza ya Kiswahili hakuyapata shuleni, kwa maana hakuiona shule. Aliyapata katika miaka ya 1950, walipokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Mashuuru hadi kwenye reli ili wapakiwe kupelekwa Athi River, ambako Tume ya Nyama ya Kenya ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1950. Neno la kwanza, alisema, lilikuwa "rudi nyuma", kwa sababu ndilo aliloambiwa na kila mtu.

Katika mabehewa hayo hayo ndimo alimojifunza herufi. Ubavuni mwa kila behewa paliandikwa ufupisho wa jina la mwenyewe. Herufi hizo zilibadilika kadiri enzi zilivyobadilika. Reli ya Uganda iliitwa Reli ya Kenya na Uganda kuanzia mwaka wa 1926. Mwaka wa 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka uliofuata. Behewa moja liliweza kuishi zaidi ya enzi moja, na rangi mpya ilipobambuka, herufi za zamani zilichungulia chini yake. Babu alisema aliiona Jumuiya ikifa ubavuni mwa behewa kabla hajaisikia redioni.

Alizikumbuka pia injini kubwa za Garratt zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Za kundi la 59 zilikuwa 34, zililetwa mwaka wa 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 252, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ziliendelea na kazi hadi mwaka wa 1980. Babu hakujua jina la kundi wala la kiwanda. Alichosema ni kwamba kilikuwa kichwa chenye matumbo mawili, moja mbele na moja nyuma. Anayetaka kuhakikisha maelezo yake na aende kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, aione injini iitwayo Mount Gelai. Ataona tangi la maji mbele, hifadhi ya mafuta nyuma, na tanuri la mvuke likining'inia katikati. Mzee hakukosea.

Safari ya Maneno

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Kiswahili kilipoletewa reli hakikukopa kila kitu kutoka kwa Mwingereza. Ni kweli kwamba reli, stesheni, gadi na bogi ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa sauti zetu, na kwamba gari lilitoka Bara Hindi kabla ya kuunganishwa na moshi wa Kibantu likawa garimoshi. Lakini tazama maneno matatu yafuatayo.

La kwanza ni behewa. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba kubwa ya mawe. Msemaji wa kwanza aliyeliita gari la reli behewa hakutazama magurudumu. Alitazama nafasi iliyozungushiwa kuta. Behewa la mizigo lililo wazi juu, lenye kuta nne na mbingu kwa paa, ni ua wa nyumba uliotiwa magurudumu.

La pili ni taruma. Mwanafunzi akifungua kamusi ataona kwamba taruma ni boriti inayolazwa chini ya reli kuishikilia. Ataona vilevile kwamba ni kiungo cha mbao cha kukaza chombo cha baharini kwa ndani. Maana ya chomboni ndiyo kongwe. Aliyelihamisha neno hili aliiona njia ya reli kama jahazi lililolazwa chali, mbavu zake zikiwa zimetandazwa nyikani.

La tatu ni shehena, neno la mzigo wa chombo cha baharini, ambalo leo hatuoni ugeni wowote kulitumia kwa treni au lori. Katika mkondo uo huo tunasema bandari kavu kwa mahali ambapo hapana hata tone la bahari, kama Embakasi.

Maneno haya yanatuambia nani aliyeipa reli majina. Hawakuwa wahandisi wa London, wala haikuwa kamati ya istilahi. Walikuwa watu waliojua nyumba za mawe na majahazi, waliokwenda bara na reli, wakatazama kitu kipya na kukiita kwa kitu walichokijua. Mmaasai na Mkamba wakayapokea maneno hayo na kuyatumia mamia ya kilomita kutoka baharini, bila ya kuliona jahazi maishani mwao.

Alama Saba za Kuuliza

Mwezi Desemba, miaka michache iliyopita, nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Kikamba karibu na Sultan Hamud. Alikuwa amestaafu kazi ya njia, na alifahamiana na babu tangu enzi za kupakia ng'ombe. Nilimwinamishia kichwa kama ilivyo desturi yetu, akacheka na kunigusa utosini kama Mmaasai. Kwa muda wa saa tatu alinisimulia kazi ya genge: jinsi mnyapara alivyowaamsha alfajiri katika nyumba za landhi, jinsi walivyosikiliza reli kwa kuigonga, na jinsi walivyobadilisha mataruma ya mbao na ya chuma. Alilitamka neno taruma bila kusita. Vijana wa siku hizi, alisema, huyaita slipa.

Nilikuwa nikiandika mbio mbio. Aliponiona nayaandika hata majina ya nyundo na ya vipande vya chuma, alinishika mkono akauliza, "Unayaandikia nini, mjukuu wangu? Hayo ni maneno ya kazi. Kazi ikiisha, nayo huenda zake." Nilimjibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kuyaandika. Hakuonekana kuridhika, ila aliendelea.

Nilipofika nyumbani niliona kwamba maneno saba niliyaandika bila kuyaelewa. Niliweka alama ya kuuliza kando ya kila moja, nikapanga kurudi wakati wa likizo ya Aprili. Mwezi Machi babu alinipigia simu kunipa habari za msiba. Nilirudi Aprili kama nilivyopanga, lakini kwa kuhani. Alama zile saba zimo daftarini mwangu hadi leo. Nimewauliza wengine, nimefungua kamusi zote za maktaba yetu, sijazifuta hata moja.

Siku hiyo ya kuhani nilipita pia mahali palipokuwa na mabehewa mabovu kando ya njia, ambayo mzee aliniahidi kunionyesha kipande kwa kipande. Yalikuwa yameshakatwakatwa. Wizi wa vyuma vya reli si jambo geni. Mnamo Januari 2022 serikali ililazimika kupiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma chakavu nchini kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Mabehewa yale huenda yalikatwa kihalali. Kwangu matokeo yalikuwa yale yale: msemaji hakuwapo, na kitu alichokisema hakikuwapo.

Reli Mpya na Ukimya Wake

Mwaka wa 2017 reli mpya ya kisasa ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi, na treni zake za mizigo zikaanza kazi mwaka wa 2018. Upana wa njia yake ni milimita 1,435, ilhali ile ya zamani ni milimita 1,000. Sehemu kubwa imeinuliwa juu ya tuta na kuzungushiwa ua, na mifugo hupita chini ya madaraja. Shehena imo ndani ya makontena yaliyofungwa. Mchungaji wa leo huweza kuihesabu treni lakini hawezi kujua imebeba nini, na hana sababu ya kusimama na kuzungumza na yeyote. Silaumu maendeleo haya. Nasema tu kwamba reli ya zamani ilisimama mara nyingi, na kila iliposimama ilizalisha mazungumzo.

Huko Uingereza nako behewa la makaa limekwisha kazi. Mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi wa kina kirefu ulifungwa mwaka wa 2015, na kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kikazimwa tarehe 30 Septemba 2024. Lakini kule wapo watu wa kujitolea wanaookota mabehewa kuukuu, wakayapaka rangi na kuandika upya majina ya wenye migodi waliokufa zamani. Sisi hatuna fedha za kufufua kila behewa. Kulihifadhi neno hakuhitaji fedha nyingi.

Hitimisho

Wapo wanaoamini kwamba msamiati wa fani yoyote unaweza kuundwa upya na wataalamu pindi unapohitajika. Hilo linawezekana, na istilahi nzuri zimeundwa hivyo. Hata hivyo, kamati haiwezi kuunda upya jicho la yule aliyeuona ua wa nyumba ndani ya gari la mizigo.

Napendekeza kwa wanachama wenzangu, na kwa wahadhiri wanaosimamia utafiti wetu, kwamba likizo zijazo tuwatafute wastaafu wa reli katika miji ya njiani: Voi, Makindu, Emali, Konza, Kajiado na Magadi kwenyewe. Twende wawili wawili, mmoja aulize na mwingine arekodi. Tuwaombe watutajie majina ya vitu wakiwa wamevishika au wanavionyesha, badala ya kuwapa orodha ya maneno ya Kiingereza wayatafsiri. Tuwaulize pia wachungaji na wachuuzi, wale waliosimama nje. Na neno tusilolielewa tuliulizie siku iyo hiyo, kabla ya kuaga. Mimi nililiahirisha hilo hadi Aprili.

Babu yungali hai, ingawa masikio yake yamepungua nguvu. Nilipomtembelea mara ya mwisho tulikaa chini ya mgunga, na treni ya reli mpya ikapita kwa mbali. Aliniuliza kama ilikuwa imejaa au tupu. Nilimwambia sijui. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata yeye hajui tena.